Aliye katikati ya picha ya Grunwald si mfalme

Mhariri,

Wengi hudhani mtu mwenye vazi jekundu katikati ya "Vita vya Grunwald", mchoro wa Jan Matejko, mchoraji wa Polandi, ni mfalme wa Polandi. Sivyo. Ni Witold, mtawala wa Lithuania, kainua upanga. Mfalme Jagiełło yuko mbali nyuma, upande wa kulia, mdogo mno. Kushoto kwa Witold yuko Ulrich von Jungingen, mkuu wa Wateutoni, shirika la watawa wapiganaji wa Kijerumani, katika vazi jeupe, mkuki ukimwelekea.

Matejko alikamilisha kazi hiyo mwaka 1878, nchi yake ikiwa imegawanywa na Urusi, Prussia na Austria. Ndiyo maana ushindi wa Polandi na Lithuania dhidi ya Wateutoni huko Grunwald, mwaka 1410, ulimgusa kila Mpolandi.

Turubai, yaani kitambaa cha mchoro huo, lina sentimita 426 kwa 987. Wakati wa Vita Kuu ya Pili liliviringishwa na kufichwa karibu na Lublin, Wajerumani wasilipate. Unyevu ukaliharibu: kitambaa hunyonya maji kikavimba, rangi ya mafuta iliyokauka haifuati, inapasuka na kubanduka. Turubai kubwa huviringishwa kwenye pipa pana, rangi ikitazama nje. Ikitazama ndani hubanwa na kukunjamana. Ukarabati mkubwa ulifanyika 2010 hadi 2012, mjini Warsaw.

Msomaji wenu