Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Tabora: wanaoishi peke yao nao wamo kwenye uchumi wetu

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Salaam. Mimi ni muuza duka Isevya, hapa Manispaa. Nakuandikia kuhusu wateja wanaoishi peke yao.

Simsemei kapera aliyepanga chumba kimoja Ng'ambo. Huyo anakula kwa mama ntilie asubuhi na jioni, na hela yake inasomesha watoto wa mama ntilie. Tumwache, yuko sawa. Namsemea mjane au mgane wa miaka 70 ambaye watoto wamehamia Dar na Mwanza, na simu yake huita siku ya kutumiwa pesa tu.

Mtu huyo hununua kwa kupima: robo ya sukari, mafuta ya kidumu kidogo, mkaa wa kopo. Mkaa wa kuivisha ugali wa mtu mmoja hautofautiani sana na wa watu watano, kwa hiyo mwenye hela kidogo ndiye anayelipa ghali. Mwishowe anapika mara moja kwa siku, maana hana wa kula naye. Akiugua anajilalia ndani mpaka jirani ashtuke, na hapo ugonjwa uliohitaji vidonge umeshakuwa wa kulazwa.

Urambo na Kaliua ni vigumu zaidi. Tumbaku haina huruma na mtu mmoja: kitalu, kuhamisha miche, kuchuma majani, kuyakausha kwenye bani (banda la kukaushia tumbaku), kisha kupanga madaraja. Mjane asiye na mikono ya kumsaidia hukodisha shamba kwa bei ya kutupa, au analiacha liote nyasi. Na tusifichane: kanda yetu hii bibi wa peke yake, macho mekundu kwa moshi wa jikoni, huitwa mchawi, na wapo waliouawa kwa hilo. Mwenye hofu hiyo hata akipata mbuzi wawili anawaficha. Nani atathubutu kustawi hadharani?

Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2025 kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani ana upweke. Uingereza iliteua waziri wa jambo hili mwaka 2018, Japani mwaka 2021. Sikuombi waziri.

Nakuomba utazame ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Wanawake na vijana hukopeshwa kwa vikundi. Bibi asiye na wenzake ataingia kikundi gani, wakati wanaokiunda wanachagua wenye nguvu za kurejesha? Na mzee wa kiume asiye na ulemavu hana fungu kabisa.

Sheria ya mgao huo haibadilishwi Tabora, najua. Hoja ya wazee ifikishe TAMISEMI, wanaosimamia halmashauri. Lakini maofisa maendeleo ya jamii wako chini ya mkoa huu. Waagize wapite na mabalozi wa nyumba kumi, wanaojua nani analala peke yake, wawaunganishe watu hao kwenye vikundi vya kazi wanazoziweza: kuchambua karanga, kufunga asali kwenye chupa, kulea vifaranga. Majina yasibandikwe ofisi ya mtaa, vibaka nao wanajua kusoma.

Msimu wa kilimo ukianza vikundi huwa vimeshajaa, hivyo agizo hilo litoke mapema.

Wako,
Muuza duka, Isevya