Kocha alilipwa, mchezaji je?

Mhariri,

Wanaolia kwamba fedha zimeharibu usajili wa futiboli ya Kimarekani (ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai, si soka) katika vyuo vya Marekani wanasahau kuwa makocha walikuwa wakivuna mamilioni huku mchezaji akiambulia ada ya masomo, malazi na chakula. Tangu Julai 2021 mchezaji anaruhusiwa kulipwa na walio nje ya chuo wanaotumia jina na sura yake. Tangu Julai 2025 chuo chenyewe kinaweza kuwalipa wanamichezo wake, ukomo kwa kila chuo ukiwa takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Haki yao.

Ninayemhurumia ni kijana wa sekondari. Kocha anayetaka ushindi msimu huu ataona afadhali amnunue mchezaji wa miaka 22 aliyekwisha kuiva katika chuo kingine kuliko kumlea wa miaka 18. Vyuo vidogo vimegeuka kitalu cha wakubwa. Na hata wakubwa hawalali: Aprili 2025 timu ya Chuo Kikuu cha Tennessee iliachana na Nico Iamaleava, mrusha mpira wake mkuu, katikati ya mvutano wa malipo, naye akaenda UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles.

Kwenye soka, klabu iliyomlea kijana hupata fidia ya mafunzo kwa kanuni za FIFA. Kwa nini vyuo vidogo navyo visilipwe?

Msomaji wako,
Dar es Salaam