Pevingi za uani

Copenhagen, Denmark

Baba, shikamoo.

Sisi huku hatujambo, ila baridi tu ndiyo inatutesa.

Ujumbe wako kwamba unataka kusakafia ua wote kwa matofali ya pevingi nimeupata. Pesa nitatuma, hilo lisikusumbue. Ila kabla fundi hajaanza naomba unisikilize kidogo, na usidhani mwanao kaota mapembe huku Ulaya.

Tarehe 2 Julai 2011, miezi michache kabla ya mafuriko ya Desemba yaliyowahamisha watu wa Jangwani, hapo Dar, hadi Mabwepande, mji huu nao ulizama. Mvua ya saa mbili hivi ilijaza vyumba vya chini na kugeuza barabara kuwa mito. Na mabomba ya chini kwa chini wanayo, tena mazuri! Mwaka uliofuata wakaandaa mpango, na hesabu zikaonyesha kuwa kutanua mabomba peke yake kungewagharimu zaidi kuliko kuyapa maji mahali pa kukaa hukohuko juu.

Huku Østerbro kuna kiwanja kidogo, Tåsinge Plads. Walibandua lami, wakapanda miti, sehemu moja wakaichimba iwe bonde. Juu yake imesimama miamvuli mikubwa iliyofunuka kuelekea mbinguni, inakinga maji ya mvua. Jua likiwaka, watoto wanacheza humo. Bustani nyingine, Enghaveparken, ikifurika inaweza kushika zaidi ya lita milioni 22.

Miji ya huku hushindana ipi inakalika zaidi. Mwaka 2025 Copenhagen ilishika namba moja kwenye orodha ya kampuni ya utafiti ya Economist Intelligence Unit. Sijui kama walimuuliza mpangaji yeyote kodi analipa shilingi ngapi, maana mimi hawakunifikia.

Najua utasema Kigogo si Østerbro, na Msimbazi ukipanda, uwanja wetu hauzuii kitu. Kweli kabisa, mto ule ni kazi ya serikali. Lakini yale maji ya masika yanayotoka paani kwetu na kwenda kusimama mlangoni kwa Mama Zawadi ni yetu wenyewe, na tukisakafia ua wote yatamfikia mbio zaidi.

Kwa hiyo pevingi ziwekwe njia ya kuingilia na mbele ya baraza, basi. Upande wa mwembe ubaki udongo, fundi aushushe kidogo, maji ya bati yaelekee huko. Nyasi zitaota zenyewe.

Niambie anadai kiasi gani kwa mita ya mraba, nipige hesabu upya. Pesa itaingia kwenye simu ya Mama, maana yako najua haikai na chaji.

Mwanao,
Salma