Kadi imesainiwa, mdomo haujasaini: barua kwa wajukuu zangu wa bendi ya shule

Wajukuu zangu, marahaba, najua mngeniona mngeamkia.

Nawaandikia hadharani kwa sababu nilikuwepo kwenye mahafali ya juzi, nimekaa kule nyuma chini ya turubai na wazee wenzangu, nikasikia mlivyoufanya Wimbo wa Taifa. Watu wote wamesimama, mgeni rasmi kanyooka, mkafika "Ibariki Afrika" ya kwanza tarumbeta zikaachana, moja iko mbele nyingine bado inatafuta noti, tromboni kanyamaza kabisa anaangalia viatu vyake, na kijana wa besidramu akaona dawa ni kukimbia, akakimbia kweli. Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Baadaye nikamfuata ticha wenu nikidhani ataniambia hamjafundishwa. Akanitolea kadi zenu za mazoezi ya nyumbani. Zimejaa zote! Dakika ishirini Jumatatu, dakika ishirini Jumanne, mpaka Jumapili, na sahihi ya mzazi pembeni, ila ukiangalia vizuri wazazi wa nusu ya bendi wana mwandiko mmoja na kalamu moja ya kijani. Na ile homuweki ya kuandika skeli, yaani ngazi ya noti, kwenye daftari mmetumiana picha wasapu, mpaka kosa la mmoja mmelinakili wote.

Hasira yangu iko hapo, siyo kwenye noti zilizokosewa. Kukosea noti ni kawaida, hata bendi za majeshi zinakosea ila wao wanajua kuficha. Lakini nyie mnamdanganya nani? Tarumbeta ina vali tatu tu, vile vitufe vya kubonyeza. Usibonyeze hata moja, bado utapata do, sol, do ya juu, mi na sol nyingine, zote kwa mdomo na pumzi, maana yake vidole vinaweza kuwa sahihi kabisa na noti ikatoka nyingine. Mdomo ni msuli, unakua kidogo kidogo kila siku na ukiuacha wiki nzima unalegea, na hausomi kilichoandikwa kwenye kadi. Ndo maana mlianza vizuri kabisa mkaishia kupumua kwenye chuma. Anayepiga robo saa kila siku atamwacha mbali yule anayekaa bure wiki nzima halafu Jumapili jioni anajiua masaa mawili mpaka midomo inavimba.

Najua mtaniambia babu, vyombo vinafungiwa stoo, hatuendi navyo nyumbani. Sawa, na hilo nitawasemea. Ila mausipisi, kile kipande kidogo cha kuwekea mdomo, inaingia mfukoni. Ombeni mpewe, kila mtu na yake, siyo kuazimana mate, ipulizeni peke yake mpaka itoe sauti iliyonyooka, halafu muimbe noti kwanza kichwani ndo mpulize. Vidole vya vali unapiga hata juu ya goti kwenye daladala. Wa tromboni, zile posisheni saba za kuvutia na kusukuma bomba ziko mkononi, nyoosha mkono hewani kaka zako wakucheke. Wa ngoma ndo hamna kisingizio kabisa, ndara kuukuu juu ya stuli na vijiti viwili vinatosha: kulia kushoto kulia kulia, kushoto kulia kushoto kushoto, polepole hadi mikono yote isikike sawa. Na saa ya ukutani mnayo, ule mshale wa sekunde ni mapigo sitini kwa dakika, pigeni mara mbili kwa kila sekunde mnapata mia na ishirini, mwendo wa gwaride. Kijana wa besidramu, hiyo nimekuandikia wewe.

Sasa wazazi. Mtaani kwetu spika za singeli zinagonga hadi usiku wa manane na hamna anayefungua mdomo, ila mtoto akivuta noti ndefu robo saa jioni anaambiwa kelele, kasome. Harusi tunachanga mamilioni na tunakodi matarumbeta ya kusindikiza bibi harusi, vijana wako juu ya pikapu jua kali wanapuliza bila karatasi hata moja, tunawatunza noti za elfu elfu halafu kesho yake tunawaita wahuni. Wale mnaowadharau wanapiga kila siku kwa sababu ndo ugali wao, na midomo yao inasikika. Shule nayo inanunua sare za bendi zenye vifungo vya dhahabu wakati chupa ya mafuta ya vali haipo, vali zinanata, mtoto anaambiwa hajui. Mwalimu mkuu, naomba ufunguo wa stoo uwe na mtu anayepatikana.

Mababu zenu wa Lamu na Mombasa, kabla hata ya vita ya kwanza ya dunia, walianzisha ngoma ya beni kwa kuiga bendi za kijeshi, ikaja mpaka Tanganyika, vikundi viwili, Marini na Arinoti, vinashindana, sare zimenyooka, kila upande unataka kumwaibisha mwenzake. Kadi ya mazoezi hawakuwa nayo. Ukija hujajiandaa mtaa wa pili unakutungia wimbo, na utaimbwa.

Mengine kwa haraka. Mwaga maji yaliyojikusanya ndani ya chombo baada ya kupiga. Usile karanga halafu ukapulize. Anza na pale panapokushinda, siyo pale unapopapenda. Penseli iwepo karibu na karatasi ya noti. Simu mbali. Jirekodi usikilize mwenyewe kabla hujatusikilizisha sisi.

Nyie watoto mna vipaji, nisingeandika yote haya kwa watu nisiowapenda. Dada wa klarineti peke yake siku ile alikuwa anashika mwendo huku wote mmemkimbia, na hakuacha.

Ijumaa ijayo saa tisa nakuja shuleni, ticha ameshakubali. Kadi ziacheni nyumbani. Nitapita mmoja mmoja, kila mtu anishikie noti moja ndefu mpaka nihesabu kumi na mbili.