Kesho Muscat, tunashuka mapema

Jamani wapendwa, habari za jioni. Kesho Jumanne meli inafunga gati Mutrah, bandarini pa Muscat, Oman, tukutane ngazini saa 1:30 asubuhi. Bandarini hawaruhusu kutembea kwa miguu, kuna basi mpaka getini, nje ndo tunachukua teksi na tupatane bei kabla ya kupanda.

Tunaanza na Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos kwa sababu wasio Waislamu wanaruhusiwa saa 2 mpaka saa 5 asubuhi tu, so tafadhali chai inyweni mapema. Kina mama na dada zetu mtandio wa kufunika nywele zote, mikono mirefu, gauni mpaka vifundoni, kaka zangu kaptura ziacheni melini. Zulia la ukumbini lina tani 21 na limefumwa kwa mkono, mkifika inameni kidogo muangalie yale maua, mimi naliona zuri kuliko hata ile taa kubwa ambayo kila mtu anaipiga picha.

Halafu ngome za Jalali na Mirani, tutaziona kwa nje, za Wareno kama Ngome ya Yesu yetu Mombasa, kisha soko la Mutrah kabla hawajafunga mchana. Ubani chagueni wenye ukijani kwa mbali, ndo bora, na halwa muonje kwanza. Wazee wa pale muwaamkie shikamoo, wapo wengi wenye asili ya Unguja na Pemba, mtafurahi wenyewe.

Asiye na mtandio aandike hapa usiku huu, ninayo ya kuazima.