Mkasi haukuzi nywele, lakini ndio unaoulinda urefu wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie suala la kupunguza ncha za nywele kwa mtu anayefuga nywele ndefu. Najua wapo watakaoliona kuwa jambo dogo, lakini mimi ni msusi hapa Mwanga, Kigoma, huu ukiwa mwaka wangu wa 19 katika kazi hii, na haipiti wiki bila binti kukaa kwenye kiti changu na kilio kilekile: nywele zimegota mabegani, hazishuki tena, na mwenyewe hajui alikosea wapi.

Wengi wa mabinti hao wametoka shule karibuni. Mwanafunzi wa shule zetu nyingi hunyoa nywele zake miaka yote ya masomo, hivyo akimaliza kidato cha nne ndipo anapoanza kufuga, hana uzoefu wowote wa nywele ndefu, na akiuliza huku na huku hupewa mafundisho mawili yanayopingana. Wapo wanaomwambia akate ncha kila mwezi ili nywele zichangamke na kukua upesi. Wapo pia wanaomwambia kwamba anayefuga nywele asiuguse mkasi hata siku moja, maana kila anachokata ni hasara. Mafundisho yote mawili nimeyasoma hata kwenye kurasa za urembo za magazeti, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Yote mawili si kweli, ila hilo la pili ndilo linaloharibu vichwa vya watu wengi zaidi.

Unywele huota kwenye mzizi wake ndani ya ngozi ya kichwa. Sehemu yote tunayoiona nje, tunayoichana, kuisuka na kuipaka mafuta, haina uhai tena. Haina damu wala mishipa ya fahamu, na ndiyo maana hukatwa bila mtu kuhisi maumivu. Mzizi hauwezi kupata habari za kilichotendeka kwenye ncha, kwa hiyo kukata hakuuharakishi wala hakuucheleweshi. Nywele zetu hizi za kujikunja hukua pungufu kidogo ya sentimita moja kwa mwezi, yaani karibu sentimita 10 kwa mwaka, mkasi upite au usipite.

Hapo ndipo mtu huniuliza: kama kukata hakukuzi, nikate kwa nini? Jibu liko kwenye umri wa ncha. Unywele wenye urefu wa sentimita 30 ncha yake ina zaidi ya miaka mitatu duniani, na katika miaka hiyo imevutwa na chanuo, imebanwa ndani ya rasta, imepigwa na joto la blodraya na imesuguana na mto kila usiku. Unywele umefunikwa kwa nje na tabaka jembamba la magamba yaliyolaliana kama ya samaki, nayo ndiyo yanayoishika nyama ya ndani isitawanyike. Magamba hayo yakichakaa, nyuzi za ndani huachana, na ncha moja hugeuka kuwa mbili au tatu. Zaidi ya hapo, mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa huteleza kwa urahisi juu ya unywele ulionyooka, lakini kwenye unywele uliojikunja hayafiki mbali, na kila kona ya mkunjo ni mahali unywele unapoweza kukatikia. Ndiyo maana ncha zetu zinataka uangalizi mkubwa kuliko za watu wenye nywele za singa.

Februari mwaka jana alinijia binti mmoja kutoka Ujiji ambaye alikuwa amefuga nywele kwa miaka mitatu na nusu bila kuzikata hata mara moja. Nilipomaliza kufumua rasta alizokaa nazo miezi mitatu, nilichukua fungu dogo la kisogoni nikalinyoosha juu ya kanga nyeupe niliyokuwa nimemfunika mabegani. Kuanzia shinani hadi katikati fungu lilikuwa nene na jeusi tii. Kutoka hapo likawa jembamba kama mkia wa panya, na mwishoni karibu kila unywele ulikuwa na matawi, mingine imejifunga vifundo vidogo kama punje za ulezi ambavyo kidole huvihisi kabla ya jicho kuviona. Nilimpima kwa tepu ya fundi cherehani nikapata sentimita 19. Kwa muda aliofuga, kichwa chake kilikuwa kimeshatoa zaidi ya sentimita 30. Sentimita zilizopungua ziliota kweli, lakini zilikatika kidogo kidogo zikaishia kwenye vitana, kwenye mito na kwenye sakafu za saluni, naye akiamini kwamba ana kichwa kisichoota nywele.

Nilimweleza hayo yote kabla sijagusa mkasi, akanyamaza kwa muda, kisha akakubali tuondoe sentimita tano. Machozi yalimtoka, na sikumlaumu, kwa sababu mtu aliyesubiri miaka mitatu kumwomba apunguze ni kumwomba jambo zito. Tangu siku hiyo anakuja kila baada ya miezi minne nampunguzia nusu sentimita tu, na mwezi uliopita tepu ileile ilisoma sentimita 22, fungu likiwa na unene uleule kutoka shina hadi ncha.

Wateja wengi hutamani kupata mafuta yatakayoiunganisha ncha iliyopasuka. Hapa kwetu tumejaliwa mafuta ya mise, yanayokamuliwa kutoka kwenye kokwa za chikichi, na mimi mwenyewe nayatumia na kuyapenda, kwa kuwa yanalainisha unywele na kupunguza msuguano, hivyo yanasaidia ncha nzima isipasuke mapema. Lakini ncha iliyokwisha kupasuka hairudi kuwa moja, iwe kwa mise, kwa mawese au kwa dawa ya dukani ya bei kubwa. Dawa hizo hugandisha matawi kwa siku chache, na ukiosha nywele yanaachana tena. Nenda Kibirizi utazame kamba za mitumbwi: kamba ikianza kufumuka mwishoni na mwenyewe akaiacha, itaendelea kufumuka kwenda juu, na mwisho atapoteza pima nzima badala ya inchi moja. Unywele nao ukipasuka huendelea kupasuka kwenda juu kila unapochanwa.

Namna ya kupunguza ina uzito kuliko ratiba. Nywele za kujikunja zikikatwa zikiwa zimejikunja na kukauka, msusi hajui anakata kiasi gani, kwa hiyo kwanza huzinyoosha bila moto kwa kuzifunga uzi mweusi, kama walivyotusuka mama zetu na bibi zetu, kisha nazifungua siku ya pili zikiwa zimenyooka zenyewe. Hapo nagawa kichwa mafungu madogo, nalishika kila fungu juu ya kitambaa cheupe, natafuta mahali unene unapoanza kupungua, na nakata hapo. Mkasi uwe mkali na uwe wa nywele peke yake. Mkasi unaokata uzi, karatasi na mifuko ya rasta huwa butu, na mkasi butu hauukati unywele bali huutafuna, ukaacha kidonda ambacho kitapasuka upya baada ya wiki chache. Katika miaka yangu ya mwanzo nilikuwa na mkasi mmoja kwa kazi zote, nikashangaa kwa nini wateja niliowapunguza walirudi na ncha mbovu kuliko za awali.

Anayeweka dawa ya kulainisha nywele, au anayepiga pasi na blodraya mara kwa mara, nashauri apunguze ncha kila baada ya wiki nane hadi kumi na mbili, kwa sababu dawa na moto vinaudhoofisha unywele wenyewe. Mwenye nywele za asili anayesuka, asiyetumia moto na anayelala na kilemba cha satini anaweza kukaa miezi minne, hata sita, mradi azikague kila anapofumua. Atazame pia nywele zinazobaki kwenye kitana. Unywele mrefu wenye kijidoto cheupe mwishoni umetoka na shina lake, na mtu mzima kupoteza nywele 50 hadi 100 za namna hiyo kwa siku ni kawaida. Vipande vifupi visivyo na kijidoto vimekatika njiani, na vikizidi ni dalili kwamba ncha zinadai mkasi, au kwamba uchanaji wake ni wa pupa. Nywele zichanwe kuanzia nchani kupanda shinani, zikiwa zimelainishwa, si kwa kuvuta chanuo toka juu kama anayepalilia shamba.

Nimalizie kwa wasusi wenzangu, kwa sababu hofu ya mabinti hawa haikutoka hewani. Mwaka juzi mdogo wangu aliingia saluni moja katika mji aliohamia, akaomba apunguzwe ncha, na msusi bila kumuuliza lolote akakata kiasi cha kiganja kizima, kisha akamwambia ni kwa faida yake. Mdogo wangu hakukanyaga saluni kwa zaidi ya mwaka, na nywele zake zikaharibika kwa hofu ya mkasi kuliko zilivyowahi kuharibika kwa jua au kwa dawa. Kupunguza ncha ni kazi moja, na kukata nywele kwa mtindo ni kazi nyingine. Mteja aliyeomba ya kwanza asifanyiwe ya pili. Kwangu mteja huonyesha kwa kidole mahali tutakapokata huku akijitazama kwenye kioo, nakata fungu moja la kwanza, na namwekea kipande hicho kiganjani mwake akitazame kabla sijaendelea na mafungu mengine. Akisema kimezidi, tunaongea upya, na mkasi unasubiri mezani.

Msusi,
Mwanga, Kigoma