Hao wawili waacheni wabaki marafiki

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, niongee na waandishi wa hadithi na tamthilia. Hivi kwani mwanaume na mwanamke wakiwekwa kwenye stori moja ni lazima waishie kupendana? Unaanza kusoma, wanataniana vizuri, wanasaidiana, unafurahi kabisa, halafu ghafla mmoja anamwangalia mwenzake macho ya huba na ule utani wote unageuka kuwa kutongozana. Inaniuma, maana mi kilichonivuta ni ule urafiki wenyewe.

Angalieni muvi ya Mad Max: Fury Road ya 2015. Ni usiku, Max anafyatua anakosa, anafyatua tena anakosa, imebaki risasi moja na Furiosa, yule mwanamke anayekimbia naye, yuko nyuma yake. Jamaa habishani wala nini, anampa bunduki, Furiosa anaweka mtutu begani kwake, anamwambia asipumue, anapiga na anapata. Busu hakuna mpaka muvi inaisha, na sijawahi kuona watu wawili wanaaminiana vile.

Au tamthilia ya Elementary ya Marekani, ilianza 2012 ikaisha 2019, misimu 7 mizima. Humo Watson, yule msaidizi wa mpelelezi Sherlock Holmes kwenye vitabu, ni mwanamke, anaanza kwa kulipwa kumsimamia Sherlock asirudie madawa, baadaye anakuwa mpelelezi mwenzake, wanaishi nyumba moja, wanagombana, wanalindana, na kila mmoja ana mahusiano yake huko nje. Hawakuja kuwa wapenzi na watu waliangalia miaka yote hiyo, kwa hiyo msiseme stori ya namna hiyo haina mvuto.

Mi naona utamu wake uko hapa, wapenzi wakishapatana swali limeisha, ila rafiki hana ndoa wala kiapo cha kumshika, anabaki kwa sababu anataka kubaki, na anaweza kuondoka siku yoyote. Hapo roho inakuwa juu! Halafu mwanamke naye anapata nafasi ya kuwa na kazi yake na akili yake na hasira zake, sio kukaa tu anasubiri kupendwa.

Najua wapo watakaosema haiwezekani, lazima mmoja atamtamani mwenzake. Sawa, basi andikeni hata hilo, mmoja ahisi kitu, kimsumbue, kipite na urafiki ubaki, mbona yanatokea kila siku na ni magumu kuandika kuliko harusi.

Kwa hiyo mwandishi wa hadithi yenu ya mfululizo, nakuomba sana, hao wawili unaotuletea sasa hivi usiwaozeshe. Wagombanishe kirafiki, mmoja amfiche mwenzake jambo zito, mwenzake aje kulijua kwa watu wengine, tuone wanarudianaje kuongea.

Msomaji wenu wa siku zote